Afande wa Miavuli

"Kambi ya ndege za jeshi inafanya nini siku ambazo hakuna vita?"

Aliniuliza swali hilo nikiwa nimesimama kibarazani kwake pale Mlowo, mkononi nimeshika sahani ya mchele ambayo mama alinituma nimpelekee. Nilikuwa likizo ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, na muda mfupi kabla nilikuwa nimesema, bila kuulizwa na mtu, kwamba nchi ambayo zahanati zake hazina dawa haina sababu ya kufuga ndege za kivita. Chuoni nilikuwa nimelisema jambo hilo mara nyingi na wenzangu wakanipigia makofi. Yeye hakupiga makofi. Alikata uzi kwa meno, akanitazama kwa juu ya miwani, akauliza. Nikaanza sentensi moja kuhusu bajeti ya taifa, nikaiacha katikati.

"Basi nenda kafikirie, Msomi," alisema. "Sahani nitairudisha kesho. Haitarudi tupu."

Mlowo nzima ilimwita Afande, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alizaliwa wapi, baba yake nani, aliolewa au hakuolewa, hayo nayaacha. Kila mtu mtaani alikuwa na toleo lake na yeye hakuwahi kusahihisha hata moja. Nilichokuwa na hakika nacho ni kidogo: alikuwa mwanajeshi katika kambi ya anga, kule mashariki mbali, na kazi yake ilikuwa kukunja miavuli. Siyo miavuli ya mvua. Ile ambayo askari huvaa mgongoni akajitupa nje ya ndege. Alistaafu na cheo cha koplo, akarudi nyumbani, akanunua cherehani ya miguu na kufungua kibanda cha kushona maturubai ya malori pembeni ya barabara kuu iendayo Tunduma.

Anayejua barabara ile anajua kwa nini kazi haikumkosa. Lori likibeba saruji au mbolea, turubai likivuja mzigo unageuka uji. Na foleni ya kuingia mpakani inaweza kumweka dereva juani na mvuani mpaka asahau mke wake anafananaje. Madereva wa Kitanzania, Wazambia, na wengine waliokuwa wakienda mbali zaidi, walisimama kwake. Walimlalamikia wote, na wote wakarudi.

Walichokilalamikia ni utaratibu wake wa kukabidhi. Turubai likikamilika, Afande alilitandaza juu ya fremu ya mianzi nyuma ya kibanda, akachukua kigoda, akaingia chini yake akiwa na gauni lake la kawaida na kilemba kichwani, akakaa. Kisha akapaza sauti kutoka mle ndani: "Mwaga!" Mwenye lori alitakiwa kupanda juu ya tofali na kumwaga maji ndoo baada ya ndoo. Tone likimwangukia, alitoka na kiwembe, akafumua mshono wote na kuanza upya. Haikuwa na maana kumwambia kwamba tone ni moja.

"Ba mayo," Mzambia mmoja alimbembeleza nikiwepo, akimwita mama kwa Kibemba chake, "twende tu, foleni inakua."

"Foleni ilikuwepo kabla hujazaliwa. Mwaga."

"Lakini mimi ndiye ninayenunua, na mimi nimeridhika!"

"Wewe umeridhika ukiwa nje. Mimi niko ndani. Mwaga."

Alisema utaratibu huo aliutoa kambini. Kambini kwao, alieleza kila alipoulizwa na mara nyingi asipoulizwa, kulikuwa na amri: anayekunja anaruka. Mkunjaji aliyekunja mwavuli alitakiwa kuwa tayari, siku yoyote na bila onyo, kuambiwa auvae yeye mwenyewe na kupanda ndege. Siyo wa mwenzake. Wake. Ukijua hivyo, alisema, vidole vyako vinaacha uvivu. Yeye mwenyewe aliruka mara kadhaa, na alipokuwa akieleza jinsi upepo unavyomshika mtu mlangoni mwa ndege, sauti yake yenye lafudhi ya Kinyiha cha kwetu, ambayo siku zote ilipanda na kushuka, ilinyooka kabisa kama ya mtu anayesoma tangazo.

Hapo ndipo tulipogombana kwa miaka, mimi na yeye. Nilimwambia kwamba amri ya namna ile ni vitisho. Mtu akifanya kazi nzuri kwa sababu ameshikiwa kifo mbele ya macho, huo siyo uadilifu, ni woga uliopangwa vizuri. Alinisikiliza vizuri, huku anapitisha uzi kwenye sindano.

"Wewe huogopi mtihani?"

"Naogopa."

"Na unasoma?"

"Nasoma."

"Haya. Na yule anayetunga mtihani, huwa anaufanya?"

Kwa siku hizo nilikuwa nimejifunza kutomwachia neno la mwisho. Nikamwambia kwamba afisa aliyetoa amri ile bila shaka hakuwa akikunja mwavuli wala kuruka, alikuwa ofisini anakunywa chai. Alicheka mpaka akaondoa mguu kwenye cherehani. "Hapo umesema," alisema. "Hapo umesema kweli."

Kuhusu kambi yenyewe alikuwa mtu wa ajabu. Alikuwa tayari kukueleza mambo makubwa na kukuficha madogo. Alinieleza kwamba kambi ilijengwa siku ambazo nchi za kusini kwetu zilikuwa bado zinatawaliwa, na watu walioogopa ndege za wakoloni zisije zikavuka mpaka walitaka angani pawe na mtu wetu. Alinieleza kuhusu wakufunzi waliotoka ng'ambo na mkalimani wao mmoja, na jinsi mkalimani akiugua malaria basi kambi nzima ilifundishwa kwa ishara za mikono. Alinieleza kuhusu siku za vita ya Kagera, ndege zikiondoka zimejaa na kurudi zimejaa, na kwamba zilizorudi hakuna aliyekimbilia kuzifungua milango. Lakini nikiuliza chumba chao cha kukunjia kilikuwa na meza ngapi, aliinua kiganja.

"Hapo kuna geti."

"Meza, Afande. Nimeuliza meza."

"Geti ni geti."

Rangi ya mlango wa banda la ndege: geti. Walikula nini Jumapili: maharage, hilo alilisema kwa uchungu. Mkuu wa kambi alikuwa na kitambi au hakuwa nacho: geti. Nilimwuliza siku moja swali ambalo nilikuwa nalo tangu chuoni, kwa sababu nilikuwa nimesoma juu ya nchi ambazo kambi zao za anga ziligeuzwa kuwaelekea wananchi. Je, yenu iliwahi? Aliacha kushona kabisa.

"Geti," alisema.

"Geti nalo ni jibu."

"Siyo jibu. Ni geti." Kisha, baada ya kusogeza turubai kwenye mapaja: "Nikuambie lililo langu. Kuna miavuli niliikunja bila kuambiwa inakwenda kwa nani. Hilo halikunipendeza. Basi."

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi kuliko mihadhara yote niliyoandika chuoni. Haikunitosha, na bado hainitoshi.

Lililomtoa machozi halikuwa vita. Ilikuwa unga. Sehemu kubwa ya maisha yake kambini, alisema, adui alikuwa maji. Mto unafurika, barabara inakatika, watu wamepanda juu ya vichuguu na mapaa, na ndege ya jeshi inakwenda kuwadondoshea chakula kwa miavuli mikubwa ya mizigo. Hiyo nayo ilikunjwa mezani kwao. Mara moja mwavuli wa mzigo ulichelewa kufunguka, magunia yakapasuka chini, na rubani aliporudi akasimulia jinsi alivyozunguka tena na kuwaona akina mama wakichota unga ndani ya tope kwa viganja. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyeadhibiwa. Afande alisema mwavuli ule haukuwa wake, na alisema hivyo huku amegeuza uso kutazama barabara.

Mtu huyu aliyejitupa kutoka kwenye ndege aliogopa ngazi. Nasema aliogopa, siyo kwamba hakupenda. Balbu ya kibandani ikiungua alikaa gizani mpaka apite dereva mrefu. Nilimcheka waziwazi, naye hakuona aibu. "Mwavuli niliukunja mimi," alisema. "Ngazi hii kaipiga misumari nani? Unamjua? Mimi simjui."

Alikuwa pia mgumu, na sitaki kumsafisha. Neno "itatosha" lilikuwa marufuku kwenye kibanda chake. Alikuwa na msichana aliyekuwa akijifunza kazi kwake, mama wa mtoto mchanga, mwepesi wa mikono na mcheshi. Asubuhi moja msichana huyo, mtoto analia mgongoni, alitazama pindo lililopinda kidogo akasema, "Afande, si itatosha hii?" Akafukuzwa kazi saa hiyo hiyo. Nilikwenda kumwambia Afande kwamba huo ni ukatili, kwamba yule binti ana mdomo wa pili wa kulisha. Akaniambia nikakae mimi mahali pake basi. Binti alikopa cherehani, akaanza kushona sare za shule ng'ambo ya barabara, na tangu siku hiyo hakumsalimia tena. Lakini mzazi yeyote aliyefika kwa Afande kuulizia sare alielekezwa kule kwa mkono ulionyooka: "Nenda kwa yule. Vifungo vyake havidondoki." Sijui niliweke wapi jambo hilo, kwenye wema au kwenye kiburi.

Kanisani ilikuwa vilevile. Mhubiri mmoja mgeni alitangaza wiki ya kufunga kwa washirika wote, na Afande akasimama kwenye benchi lake. "Mchungaji, na wewe umefunga?" Kwaya ilianza kukohoa. Mhubiri akasema kwamba yeye ana vidonda vya tumbo. "Pole sana," alisema Afande. "Basi tufunge wenye matumbo." Akaketi, na nasikia alifunga wiki nzima.

Nafika sasa kwenye jambo la bweni, ambalo lilimgawa na mtaa wote, na mimi nikiwa upande wa mtaa.

Mdogo wangu, Tumaini, alikuwa kidato cha pili katika shule ya sekondari iliyo mbali kidogo, njia ya kwenda Ruanda ya hapa hapa kwetu Mbozi. Shule haikuwa na bweni. Wasichana waliotoka mbali walipanga vyumba kijijini, watatu au wanne kwenye chumba cha matofali mabichi, wakijipikia wenyewe na kufunga mlango kwa kipande cha ubao. Kila mzazi alijua kinachotokea kwenye vyumba vile. Wanaume waligonga madirisha. Kila mwaka wapo waliorudi nyumbani na mimba, na shule ikaishia hapo. Kwa hiyo wazazi walichanga, wakabeba mchanga na kufyatua tofali baada ya kuvuna kahawa, na bweni likasimama. Lilikuwa zuri. Mabati yake yaling'aa ukiwa bado mbali.

Afande alipewa kazi ya kushona foronya za magodoro ya wasichana wa kidato cha pili, walioanza kupangiwa vitanda. Siku ya kufungua alizileta mwenyewe mchana, na mimi nilikuwepo na mama. Mwenyekiti wa bodi ya shule alikuwa amevaa koti. Fundi mkuu aliyejenga alisimama karibu naye amekunja mikono, na wasichana wamejipanga na magodoro kichwani. Afande aligawa foronya moja kwa kila msichana. Walipokwisha wote, moja ikabaki mkononi mwake.

"Hii ya nani?"

Wasichana wakatazamana. "Ya Subira, Afande," mmoja alisema. "Yeye haingii bwenini."

"Subira ndiye nani?"

Wakasukumana viwiko. Kisha sauti ndogo nyuma: "Mtoto wa fundi."

Sitasahau jinsi alivyogeuka. Hakugeuka haraka. Fundi alikuwa ameanza kutabasamu tayari. "Mama, mwanangu ana pumu. Vumbi la saruji mpya linamsumbua."

"Pumu!" ilisema ile sauti ya nyuma. "Jana si ndiye kafunga magoli yote ya netiboli?"

Wasichana walicheka, wazazi wawili watatu wakacheka, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu kila mtu alikuwa amefika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mbozi mvua za kwanza huja na upepo, na upepo ule huezua mapaa. Kila mtu pale amewahi kuona bati likiruka juu ya mibuni.

"Leta godoro lake," Afande alimwambia fundi. "Tutamsubiri. Akiingia yeye, wote wanaingia."

"Bibi," mwenyekiti alisema, "huku siyo kambini. Hapa ni uraiani. Hatuendeshwi kwa amri za jeshi."

"Najua. Kambini nisingekuomba."

Akaingia mlangoni, akavuta kitanda kimoja cha chuma mpaka kikaziba mlango, akakaa juu yake na foronya mapajani.

Mama yangu alimsogelea. Alimwita dada, kama siku zote. "Dada, tuonee huruma. Hawa watoto leo wakirudi kwenye vile vyumba, unajua wanarudi kwa nani. Tumelibeba hili bweni kwa vichwa vyetu."

"Najua, mdogo wangu. Nimewaona mkilibeba."

Nikaona ni zamu yangu. Nilikuwa na shahada wakati huo, na sikuwa na kazi, na nilikuwa na hasira na kila mtu aliyezuia kitu chochote. "Afande, una ushahidi gani? Umepanda juu ukaona?"

"Sijapanda. Unajua siwezi kupanda."

"Kwa hiyo unawazuia watoto wote hawa kwa hisia tu."

"Nawazuia kwa godoro moja," alisema. "Likifika, mimi nasogea."

Mwalimu mkuu aliahirisha. Wasichana wakabeba magodoro yao kurudi vijijini, na njiani hakuna aliyecheka. Kuanzia siku hiyo mama hakupeleka tena sahani. Watu walisema jeshi lilimharibu, kwamba anaona vita mahali pasipo na vita. Wengine walisema mengine ambayo siyaandiki. Madereva waliendelea kuja, lakini jirani walipita kibandani kwake wakitazama upande wa pili.

Halafu jioni moja, mtu alivunja dirisha la chumba cha kina Tumaini. Walipiga kelele, jirani akaja na panga, mtu akakimbia. Hawakuguswa. Tumaini alinipigia kwa simu ya jirani akiwa hawezi kumaliza neno. Kulipokucha nilikwenda moja kwa moja kwa Afande, sikumwamkia hata shikamoo.

"Hili nalo ni lako," nilimwambia. "Ulikunja wewe. Ruka basi."

Nilikusudia kumuumiza, na niliona limefika. Alibaki ameshika kingo za cherehani. Kisha akasema, "Ni langu. Walete hapa."

"Walete nani?"

"Wote wa chumba kile. Na wa chumba cha pili, kama mama zao wanakubali. Lete na sufuria zao."

Alihamisha maturubai, akatandika chumba chote cha kushonea, na akawalaza pale wasichana mpaka hakukuwa na mahali pa kuweka mguu. Shule ilikuwa mbali, kwa hiyo aliwaamsha kabla ya jogoo, kwa kugonga sufuria, akawakagua kucha, akawapa uji, na kuwakabidhi kwa madereva aliowaamini ambao walikuwa wanapita njia ile. Alimwambia kila dereva kwamba anazijua namba za lori lake na mahali mama yake anapokaa. Tumaini alisema maisha yale yalikuwa jela yenye uji mzuri. Kazi ya Afande ililala. Hakukuwa na nafasi ya kutandaza turubai. Hakumlaumu mtu, wala msimamo wake kuhusu mlango wa bweni hakuusogeza hata kwa inchi moja. Mwenyekiti alipokuja kumwambia kwamba sasa anaona mwenyewe madhara, alimjibu akiwa anachambua mchele: "Nayaona. Yanakoroma chumbani kwangu. La kwako liko wapi?"

Haukupita muda mrefu, fundi akarudi bwenini na vijana wake, akang'oa mabati ya upande mmoja, kisha wa pili. Alisema anapunguza joto. Nilikwenda kutazama, kwa sababu nilitaka kuwa na ushahidi wangu mwenyewe, nikamwuliza kijana mmoja aliyekuwa amekaa juu ya ukuta wanafanya nini hasa.

"Tunafunga kenchi," alisema. Kenchi ni zile mbao za pembetatu zinazobeba paa.

"Hazikuwa zimefungwa?"

Alitazama chini alikokuwa bosi wake. "Zilikuwa zimefungwa, dada. Sasa zimefungwa zaidi."

Hilo ndilo jibu nililopata, na sijapata lingine. Watu wanapenda kusimulia kwamba Afande aliokoa maisha ya wasichana. Mimi sisemi hivyo. Sijui kama paa lile lingeondoka na upepo, na yeye hakujua. Ninachojua ni kwamba juma lililofuata Subira alikuja na godoro kichwani, wa kwanza kabisa, na nyuma yake alikuwa baba yake amebeba ndoo na sanduku, hatazami mtu. Afande alikuwa amesimama pale na foronya. Alimsaidia binti kulivalisha godoro, akanyoosha pembe zote, akamwambia, "Chagua kitanda unachotaka, mama. Wewe ndiye wa kwanza." Kisha akamgeukia fundi na kumpa mkono. Fundi aliupokea. Wasichana wakaingia kwa kelele.

Mama alipeleka sahani tena baada ya siku chache. Hawakulizungumza.

Mimi sikumwomba radhi Afande, naye hakunitaka nifanye hivyo. Niliendelea kumwambia kwamba bweni halikuhitaji jeshi. Lilihitaji mkaguzi anayefanya kazi yake na wazazi wasioogopa kuuliza. Alikubali moja kwa moja. "Kawaambie hivyo," alisema. "Sema kwa sauti."

Nilipata kazi Tunduma, kwa wakala wa kutoa mizigo mpakani, na Mlowo nikawa napita tu. Mara ya mwisho nilimkuta amekaa kibarazani, macho yameingia ukungu, cherehani imefunikwa. Kulikuwa na turubai mapajani mwake ambalo dereva alilinunua kwingine na kumletea alipapase. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya mshono taratibu, vikisimama, vikirudi nyuma.

"Nani huyo?"

"Msomi."

"Bado unauliza maswali?"

"Bado."

"Uliza moja. Nimechoka leo."

Nilikuwa nalo. Miaka yote ile alikuwa ameniambia juu ya amri na hakuwahi kuniambia ilitoka kwa nani, na mimi nilikuwa nimemtengeneza kichwani mwangu afisa mmoja baridi, mwenye chai yake, na nikamchukia kwa bidii. Nikamwuliza: nani aliyeitoa? Nani alimwambia binti wa umri uliokuwa nao wakati ule, panda ndege ujitupe nje?

Uso wake ulifunguka kwa tabasamu ambalo sikulielewa. Akainua kiganja.

"Hapo kuna geti."

"Afande! Miaka yote hii! Kambi yenyewe imekwisha kusahau!"

"Geti ni geti," alisema, na akarudi kwenye mshono. Baada ya kitambo akaongeza, "Hili linavuja. Hapa. Weka kidole uone." Niliweka kidole. Sikuhisi kitu.

Alizikwa mwanzoni mwa masika. Wasichana wa bweni walikuja na sare zao, na walikuwepo madereva ambao hakuna aliyewajua majina.

Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mazishi hayo siku mzee mmoja mstaafu, mfanyabiashara anayevusha bidhaa kwenda Nakonde, upande wa Zambia, aliposubiri kibali chake kwenye benchi la ofisi yetu na kuniuliza natoka wapi. Nilipomtajia Mlowo, akauliza kama nilimjua mwanajeshi mmoja mwanamke aliyekuwa akikunja miavuli. Yeye mwenyewe alikuwa katika kambi ile ile, kwenye kikosi cha warukaji. Nikamwambia nilimjua, na nikamwambia kwa ukali kidogo ninavyofikiri juu ya ile amri yao.

Alishangaa. "Amri yetu sisi? Kabla yake wakunjaji hawakuwa wakiruka. Wanawake ndiyo kabisa, walikatazwa kusogelea ndege."

Akanieleza. Kijana mmoja wa kikosi chao aliruka, mwavuli haukufunguka vizuri, akafa. Uchunguzi ukasema ni upepo. Mwavuli haukuwa wa Afande. Ulikuwa wa meza nyingine. Kesho yake Afande alikwenda mezani kwake, akaweka mikono nyuma, akasema hatakunja tena chochote mpaka kila mkunjaji, na kila afisa anayeidhinisha, aruke na kazi ya mkono wake. Walimfungia mahabusu ya kambi. Alipotolewa akarudi mezani, akaweka mikono nyuma. Wakamfungia tena. Mwishowe mkuu wa kambi akachoka, akaiandika iwe amri, na wa kwanza kupanda ndege chini ya amri hiyo alikuwa Afande mwenyewe.